Jibu Kutoka Ng'ambo ya Kijito

Meru mjini
12 Januari 2025

Dada yangu Peninah,

Bwana asifiwe. Najua utaushangaa mwandiko huu kabla ya kuushangaa ujumbe. Miaka minne imepita tangu tumzike mama, na tangu wiki ile uliifungia namba yangu, hata Krismasi njema sijaweza kukutakia. Wifi yako Gladwell ndiye aliyeniambia, "Kama simu imekataa, si kuna karatasi?" Basi ninaandika.

Sisi huku tu wazima. Gladwell bado anauza ndizi soko la Gakoromone, ingawa mvua ya mwezi uliopita iliwafanya wauze wakiwa wamesimama ndani ya matope. Kananu ameingia kidato cha tatu. Amenipita kimo, na anabishana kama shangazi yake. Mimi ninafundisha mchana, na jioni niko na kwaya ya mzee Kaimenyi. Yeye ndiye kiongozi, mimi napanga sauti. Na ninyi Siakago? Tulisikia mvua ya vuli iliwapita juu kwa juu.

Dada, nina jambo dogo. Kananu amepewa kazi shuleni kuhusu nyimbo za kuamia ndege. Nimemwambia kwamba shangazi yake alitunga wimbo akiwa juu ya dungu, kwenye lile jukwaa la miti katikati ya mawele, mwaka ule ndege wa kwelea walipotuvamia, akiwa na miaka kumi na minne. Upande wako naukumbuka wote. Ule wa ng'ambo, ambao Eunice alikuwa akikujibu kutoka shamba lao kule ng'ambo ya kijito, umenitoka kabisa. Unaweza kutuandikia? Maneno na sauti. Ukiandika kwa do-re-mi itakuwa rahisi zaidi kwa mtoto.

Ni mimi mdogo wako,
Muriuki


Siakago
3 Februari 2025

Muriuki,

Barua yako niliipata Embu, ofisi ya vifurushi, ikiwa imekaa siku tisa. Nashukuru kusikia mko wazima. Mwambie Gladwell asisimame kwenye matope kwa viatu vya plastiki, miguu itamlipiza akifika umri wangu. Huku tumevuna madebe mawili ya ndengu na magunia manne ya aibu. Majirani wote waliong'oa mawele wakapanda mugukaa, hiyo miraa ya huku, sasa wanakuja kwangu kuomba unga wa uji. Mimi nawapa, halafu nawahutubia. Wanasema unga wangu ni mtamu ila una maneno mengi.

Sasa, hiyo kazi ya shule. Miaka ishirini na sita nimefundisha, na sijamwona mwalimu anayemtaka mtoto wa kidato cha tatu alete wimbo wa dungu kwa do-re-mi.

Tarehe ishirini na tisa mwezi uliopita nilikuwa kwenye kinu cha Nyamu nikisubiri zamu yangu. Redio yake, unaijua, hailingani na kelele ya injini, lakini haizimwi. Wakatangaza nyimbo sita ambazo Kenya itachagua mmoja wa kupeleka kwenye shindano la nyimbo la mataifa. Wa tatu ulikuwa wa kwaya ya Kaimenyi, kutoka Meru.

Nikamwambia Nyamu, "Zima injini."

"Mwalimu, unga wa watu uko ndani."

"Nyamu, zima hiyo takataka!"

Akazima. Wanawake kumi na madebe yao vichwani walinyamaza kama wako kanisani, na mimi nikausikiliza wimbo wangu mwenyewe ukitoka ndani ya redio iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Mtangazaji akasema ni utunzi mpya. Mpya! Niliutunga mwaka ambao mama alikuwa amelazwa na sisi tulikuwa tukila majani, ili nisilale usingizi kwelea wakatumaliza. Una miaka arobaini huo upya.

Huyo Kaimenyi sijawahi kukaa naye hata dakika moja. Hajawahi kukanyaga dungu. Nataka kujua jambo moja tu kutoka kwako, na uniandikie wazi. Nani alimpa?

Dada yako,
Peninah


Meru mjini
1 Machi 2025

Dada Peninah,

Amani kwako. Gladwell amenunua gambuti, viatu vya mvua, anasema asante kwa onyo. Kananu alikuwa na homa ya mapafu lakini amepona, na sasa anakula kwa fidia.

Ni kweli, hakuna kazi ya shule. Nilitafuta mlango wa kuingilia, nikaufungua vibaya. Nisamehe kwa hilo.

Kuhusu wimbo, nakuomba uuone kwa utulivu. Nyimbo za shambani zilikuwa za watu wote, dada. Kila mtu aliimba, kila mtu aliongeza. Mzee Kaimenyi si mwizi. Ni mtu wa makamo ya mwisho ambaye amefundisha kwaya hii kwa miaka thelathini bila mshahara, na kwa mara ya kwanza wakubwa wa Nairobi wametaja jina la Meru bila kutaja miraa. Yuko tayari kuandika kwenye kijitabu cha tamasha kwamba tunawashukuru wanawake wa Mbeere, huko kwetu.

Ila kuna shida. Waamuzi waliusifu, halafu wakasema una shimo katikati. Mmoja alisema, "Wimbo huu unauliza swali halafu unajibiwa na ngoma." Wametupa hadi fainali, tarehe kumi na nne Juni, tuukamilishe. Na masharti ni makali. Kila kipande lazima kiwe hakijawahi kurekodiwa wala kuuzwa popote. Tumejaribu kutunga jibu wenyewe mara tano. Linasikika kama kiraka kwenye suruali ya bwana harusi.

Tunahitaji ule upande wa Eunice. Ni dakika moja tu ya sauti. Ingekuwa juu yako, ungetaka wimbo ufike ng'ambo ya bahari ukiwa kilema?

Muriuki


Siakago
19 Machi 2025

Muriuki,

Pole kwa homa ya Kananu. Mpeni uji wa mawele, si hiyo soda mnayowapa wagonjwa. Mimi ni mzima. Hasira huweka damu mahali pake.

Umejaza karatasi mbili na swali langu bado limesimama mlangoni, hujaliambia karibu. Kwa hiyo nitalijibu mwenyewe.

Wiki iliyopita nilimwomba mwalimu mwenzangu, Lorna, anitafutie ule wimbo kwenye simu yake. Tuliusikiliza mara sita chini ya dirisha la ofisi. Mara ya kwanza niliona hasira tu. Mara ya pili nikaanza kusikia. Pale ambapo Eunice alikuwa akinijibu, kwaya yenu imeweka ngoma. Si ngoma yoyote. Mbili za haraka, moja ya kuchelewa, halafu kimya, halafu mbili tena.

Unakumbuka sheria ya dungu? Mmoja akiimba huku, yule wa ng'ambo hupiga debe. Huyu akinyamaza ajibiwe, huku nako debe hulia, ili ndege wasipate pembe iliyotulia. Mimi nilikuwa naimba. Nikinyamaza, aliyeshika debe kwenye dungu letu alikuwa mtoto wa miaka saba mwenye kamasi, aliyepiga mbili za haraka na moja ya kuchelewa kwa sababu mkono wake ulikuwa ukichoka. Kila Eunice alipofungua kinywa, mtoto huyo alikuwa akipiga debe sikioni mwake mwenyewe. Ndiyo sababu hakuwahi kulisikia jibu. Ulimwengu mzima una mtu mmoja tu, wewe, anayeujua wimbo wangu nusu, na nusu nyingine anaijua kama kelele yake mwenyewe.

Kwa hiyo usiniambie wimbo wa watu wote. Maneno hayo nayajua, nimeyasoma kwenye vitabu vya watu waliosoma kukuzidi, na siku zote huyatamka mtu ambaye mkono wake tayari uko kwenye mfuko wa mwenzake. Kitu ni cha watu wote kikiwa kwa mwanamke wa Siakago. Kikifika Nairobi kinapata fomu, kinapata muhuri, kinapata mtunzi. Unanishukuru mimi kwa jina la "wanawake wa Mbeere." Mbona hukuandika kwamba wimbo umeletwa na "wanaume wa Meru"? Kaimenyi amepata jina, na mimi nimepata kabila!

Na wewe umekaa hapo katikati, unapanga sauti. Mama alipofariki ulifika jeneza likiwa limeshafunikwa udongo, ukasema barabara ilikuwa na foleni. Nilidhani hapo ndipo mwisho wa uwezo wako.

Jibu la Eunice nililitunga mimi vilevile. Nilimfundisha kijitoni tukichota maji. Linakaa kichwani mwangu na kichwani mwake, na litakaa humo. Shimo ni lenu. Lijazeni ngoma.

Peninah


Meru mjini
14 Aprili 2025

Dada,

Sina habari za nyumbani za kukupamba nazo leo. Wote ni wazima.

Ni mimi. Mwaka juzi, jioni moja kwaya ikiwa imechoka, niliuimba peke yangu ili kuwaamsha. Mzee akasema, "Huo ni wa nani?" Nikasema, "Ni wa kwetu." Hakuuliza zaidi na mimi sikuongeza. Alipokuja na habari ya shindano, kwaya ilikuwa imeshaupenda, na kila siku iliyopita ilifanya ukweli kuwa mgumu zaidi kutamka. Ndivyo ilivyokuwa. Usimchukie yeye.

Jumamosi nilikuja Siakago. Sikupita kwako. Nilishuka sokoni, nikamtafuta Eunice, nikampelekea kilo mbili za sukari na leso. Alinikaribisha vizuri, akaniuliza habari za watoto, halafu akanirudishia leso. Alisema, "Muriuki, mimi nilipewa nijibu tu. Swali na jibu ni vya dada yako." Sukari alibaki nayo.

Nilisimama pale njia panda ya kwenda kwako labda nusu saa. Nilimwona kijana wako wa mbuzi, Mutugi, akiwachunga. Nikarudi.

Ijumaa iliyotangulia nilikwenda Nairobi kwa ajili ya fomu ya shindano. Kuna mstari wa mtunzi. Kuhusu mstari huo usiniulize sasa. Siku utakayousikia ukisomwa ndipo tutazungumza, na huenda ndipo utanifungulia namba.

Kwa ajili ya mama, nakuomba hilo jibu.

Muriuki


Siakago
5 Mei 2025

Mdogo wangu Muriuki,

Natumaini barua hii inawakuta wote mkiwa na afya na furaha. Mvua za masika zimetukumbuka mwaka huu, mawele yamefika gotini. Mbuzi mmoja amezaa mapacha. Msalimie Gladwell, Kananu, na mzee Kaimenyi pia.

Nimeomba na nimefikiri. Sisi ni wawili tu tuliobaki kwa mama. Kugombana kwa ajili ya dakika moja ya sauti si utu uzima.

Jibu nimeliandika nyuma ya karatasi hii, kwa do-re-mi, sauti zote nne, na maneno yake. Linaingia mara tu upande wangu unapokwisha, bila kupumua. Fuateni kama lilivyo. Msibadilishe hata noti moja, maana ndivyo lilivyoimbwa.

Nakutakieni ushindi.

Dada yako mpendwa,
Peninah


Meru mjini
22 Juni 2025

Dada Peninah,

Huenda umesikia redioni. Kama hujasikia, afadhali usikie kwangu.

Tuliimba wa nne. Ukumbi ulijaa. Watu arobaini walikuwa wamefanya mazoezi ya kila jioni kwa wiki tano, wengine wakitoka kuchuma chai na kuja na magunia mgongoni. Kila mmoja alikuwa ameshapata pasipoti. Mmoja wao, mama wa miaka sitini na tatu, alikuwa akiibeba ndani ya Biblia. Upande wako ulipokwisha tukaingia kwenye jibu, na nilisikia ukumbi ukivuta pumzi. Nilisema moyoni, dada ametusamehe.

Halafu mwamuzi mmoja akavua miwani. Anaitwa Bi Karwirwa, ni mtu wa Runyenjes. Akainua mkono, jambo ambalo halifanywi wimbo ukiendelea. Tuliendelea kuimba tukimtazama. Tulipomaliza akasema, taratibu, kama anayeomba radhi, "Kipande hiki cha pili nimefua nacho nguo utoto wangu wote. Kiko kwenye kaseti ya kwaya ya akina mama wa kwetu, ya mwaka tisini na sita. Nyumbani tunayo." Kisha akaimba mstari uliokuwa ukifuata, ambao sisi hatukuupata kwako. Ulikaa sawasawa.

Tuliondolewa pale pale. Wimbo utakaoiwakilisha nchi umetoka kwingine, na ni mzuri, siwezi kusema uongo. Mzee Kaimenyi hakupiga kelele. Aliniambia, "Mwalimu, niachie daftari la sauti, uende upumzike." Hakuna aliyekaa nami kwenye basi. Kananu hajanisemesha tangu siku hiyo, na hana hata habari ya nusu ya mambo haya.

Kuna jambo ambalo sikutaka kukuambia kwa barua. Nilitaka ulisikie likisomwa mbele ya watu. Aprili nilipokwenda Nairobi, nilikwenda kufuta. Mstari wa mtunzi ulikuwa na jina la mzee, kwa sababu mimi sikuwahi kumwambia ukweli. Nilimwambia siku ile. Akasema, "Basi andika la mwenyewe." Nikaandika jina lako kamili, Peninah, sehemu zote tatu, na Siakago. Lilikuwa limechapwa kwenye kijitabu. Wangelitangaza jukwaani kama tungeshinda.

Badala yake walilitangaza wakati wa kutuondoa. Wamesema mtunzi amenakili kazi ya wengine, na kwamba jina lake na wimbo wake havitapokelewa tena.

Sikuulizi mengi. Ulikosea, au ulikusudia? Miaka arobaini ni mingi, mtu huweza kuchanganya nyimbo. Ukiniambia ulikosea, nitaamini.

Muriuki


Siakago
10 Julai 2025

Muriuki,

Huku hakuna mgonjwa. Mawele yameiva na kwelea wamefika.

Sikukosea. Usinitafutie mlango wa nyuma, mimi si mtu wa kutorokea huko. Nilifundisha Runyenjes miaka mitatu, na kaseti ile niliinunua sokoni kwa pesa zangu. Orodha ya waamuzi ilikuwa gazetini mwezi wa Aprili. Niliona jina la Karwirwa, mtu wa Runyenjes, nikakaa na kaseti yangu jioni mbili nikitafuta kipande kinachoshikana na wimbo wangu. Nilikipata. Nilikiandika kwa mkono uliotulia kuliko mkono uliouandika wimbo wenyewe. Nilijua mtafukuzwa. Nilitaka mfukuzwe mbele ya taa zote, na nilitaka Kaimenyi aitwe mwizi kwenye kipaza sauti.

Jumamosi ile nilikwenda kwa Nyamu hata bila mahindi ya kusaga. Nilimwambia azime injini, akazima bila kubisha, maana alijua nimekuja kusherehekea. Kisha mtangazaji akatamka majina yangu matatu. Wanawake wote waligeuka. Nyamu akasema, "Mwalimu, huyu ni wewe?" Niligeukia ukutani. Akawasha injini, na nimemheshimu tangu siku hiyo kwa sababu hiyo tu.

Jana nilikwenda kwa Eunice nikamweleza yote, kuanzia fomu hadi kaseti. Alikuwa akipepeta ndengu na hakuacha. Mwishowe akasema, "Umewakomesha ndege kwa kuchoma shamba." Nikamwambia shamba lilikuwa langu. Akasema, "Ndiyo, Peninah. Lakini mimi nami nilikuwa nakula humo. Nilitaka kulisikia mara moja kabla sijafa, likiimbwa na watu wengi." Hakunikaribisha chai. Ni mara ya kwanza tangu tuwe wasichana.

Nimeiandikia kamati ya shindano. Nimesema kwamba kwaya haikujua, kwamba wewe hukujua, kwamba kipande kile nilikiingiza mimi, Peninah, kwa makusudi, nikiwa na akili timamu. Sikuandika hivyo ili wanirudishie jina. Nimewaandikia wale arobaini na yule mama mwenye pasipoti, ambao sikuwafikiria hata dakika moja nilipokuwa nikiwinda watu wawili. Nakala nimempelekea Kaimenyi. Kananu mpe barua zangu zote azisome, na zako pia. Ana umri wa kujua anakotoka.

Wewe unangoja niseme kwamba ningejua ungeandika jina langu, nisingefanya. Ni kweli, nisingefanya. Lakini ungeniandikia sentensi moja tu, Muriuki. Ulikuwa na karatasi, ulikuwa na kalamu, ulisimama nusu saa njia panda ukiwatazama mbuzi wangu. Uliuchukua wimbo bila kuniuliza, halafu ukanirudishia bila kuniuliza, na mara zote mbili ukajiona mwema. Bado nina hasira nawe. Nina hasira nami pia, lakini hiyo nitaimaliza mwenyewe, haikuhusu.

Msamaha siombi, na wewe usiniombe. Namba yako nimeifungua tangu asubuhi. Na jina langu usiliandike tena popote bila kuniuliza, hata mahali pazuri.

Peninah